Si Kila Kamasi ni Mafua

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya pua. Huenda ukacheka. Wengi hucheka. Mtu akivunjika mguu, kijiji kizima huenda kumpa pole. Mtu aliyeziba pua miezi mitatu huambiwa, "Penga kamasi, twende kazini."

Mimi ni mganga msaidizi wa kijiji. Kazi yangu ni hapa pwani, Tongoni, upande wa kusini wa mji wa Tanga. Nami nasema hivi: pua inayoziba kila mara ni ugonjwa. Si uvivu. Si uchawi. Si kawaida ya ukoo kwamba "sisi sote tuna makamasi." Ugonjwa huo una chanzo, na mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Lakini tazama tufanyavyo. Mtu akianza kupiga chafya, humtuma mtoto duka la dawa. Mtoto hurudi na vidonge vya rangi mbili, vinne au sita. Mtu humeza siku mbili. Pua ikifunguka kidogo, huacha. Wiki ijayo chafya zinarudi, na mtoto anatumwa tena. Mwisho wa mwaka mtu huyu amekula fedha ambazo zingenunua shuka mpya mbili na chandarua. Na pua yake bado imeziba.

Vile vidonge vya rangi mbili ni dawa za kuua bakteria. Amoksilini ni mojawapo. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake. Lakini mafua ya kawaida hayaletwi na bakteria, huletwa na virusi. Na chafya za vumbi haziletwi na bakteria wala virusi. Ukizimeza bure, au ukizimeza nusu nusu, unawafundisha bakteria waliomo mwilini mwako kuzizoea. Siku mtoto wako atakapopata nimonia, dawa ile ile inaweza kushindwa. Ndiyo maana mgonjwa akitaka dawa hizo kwa ajili ya chafya tu, mimi humkatalia, naye huondoka amenuna. Na anune. Afadhali kununa kuliko kuharibu dawa ya watoto.

Sasa tujifunze kutofautisha. Mafua ya kawaida huanza na koo kuwasha, mwili kuchoka, pengine homa. Kamasi huwa nyepesi kwanza, kisha huwa nzito. Baada ya siku 7 hadi 10 huwa yamekwisha au yanakwisha. Watu wa nyumba moja huambukizana.

Ipo hali nyingine. Chafya huja kwa mfululizo: tano, nane, kumi bila kupumzika. Pua inawasha ndani. Macho yanawasha na kutoa machozi. Pengine hata kaakaa la kinywa linawasha. Kamasi ni nyepesi kama maji, inachuruzika tu. Kisha pua inaziba, hasa usiku. Homa hakuna. Na hali hii haiishi kwa siku 10. Huenda ikaja kila asubuhi, au kila msimu fulani, au kila ukifanya kazi fulani. Hali hiyo huitwa mzio. Vijana wa mjini husema aleji. Jina hilo la aleji lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa Austria, Clemens von Pirquet.

Mzio ni nini? Mwili wako una walinzi katika damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa mtu mwenye mzio, walinzi hao huona kitu kisicho na madhara, kama vumbi la mto wa kulalia, wakadhani ni adui. Hapo hupiga mbiu ya mgambo. Pua huvimba kwa ndani, maji humwagika, chafya hutoka. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa mwenye mzio mbiu hulia, na jambo hakuna! Lakini taabu yake ni ya kweli. Usiku halali. Mchana kichwa kizito. Mtoto shuleni hasikii mwalimu asemacho, na wenzake humcheka.

Mtoto wa namna hii utamjua. Anapumua kwa mdomo. Chini ya macho ana weusi kama aliyekesha. Kila mara anasugua pua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mpaka anapata mstari juu ya pua. Usimpige kwa kusugua pua. Anawashwa.

Mzio hauambukizi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mtu kikombe. Lakini hufuata ukoo: mzazi mwenye pumu au mzio anaweza kupata mtoto mwenye hali hiyo. Na watu wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia. Pua ikitunzwa vizuri, mara nyingi pumu nayo hupungua. Hii ni sababu kubwa ya kutoidharau pua.

Basi utajuaje kitu gani kinakusumbua? Mjini hospitali kubwa huweza kupima ngozi au damu. Sisi wa vijijini tuna kipimo kingine, na wewe unayesoma gazeti hili unacho tayari. Ni daftari lako la kisomo na kalamu yako.

Kila siku, kwa wiki mbili au tatu, andika maneno machache. Andika siku. Andika chafya zilianza saa ngapi. Andika ulikuwa wapi, unafanya nini. Huna haja ya kuandika kwa ufundi. Kwa mfano:

Jumatatu. Niliamka na chafya nyingi. Saa nne zilikwisha.

Jumanne. Nilipiga makumbi. Macho yaliwasha.

Jumatano. Nililala kwa dada, Kigombe. Asubuhi sikupiga chafya.

Soma tena maneno hayo. Mtu huyu anapata taabu akiamka nyumbani kwake. Akilala kwa dada yake hapati taabu. Je, kitandani kwake kuna nini? Tena anapata taabu akipiga makumbi. Kwa mistari mitatu tu amekwisha pata mahali pawili pa kutazama. Mimi ninayekaa zahanati siwezi kujua mambo hayo mpaka aniambie. Wengine huuliza kisomo kina faida gani kwa mtu mzima ambaye hatafuti kazi ya ofisini. Faida mojawapo ni hii.

Tutazame sasa nyumba zetu za pwani. Kitanda ndicho cha kwanza. Wengi wetu tunalalia mito ya sufi na magodoro ya usumba au ya sponji ya miaka mingi. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo sana wa vumbi. Huwezi kuwaona kwa macho. Hawaumi kama kunguni. Chakula chao ni magamba madogo ya ngozi yanayotoka mwilini mwetu tulalapo. Kinacholeta mzio hasa ni vinyesi vyao, ambavyo huruka pamoja na vumbi unapojigeuza kitandani. Wadudu hawa hupenda unyevu. Na pwani, ndugu msomaji, kama kuna kitu tulicho nacho tele ni unyevu! Ndiyo maana watu wengi hapa huamka na chafya, na jua likipanda zinakwisha.

Adui wa wadudu hawa ni jua kali na maji ya moto. Toa godoro, mto na mkeka nje kila wiki, siku ya jua, uanike tangu asubuhi mpaka alasiri. Geuza kila upande. Kisha pigapiga kwa fimbo, lakini asipige mwenye mzio. Shuka, foronya na chandarua zifuliwe. Shuka na foronya zikiloweshwa katika maji ya moto sana, wadudu hufa. Chandarua chenye dawa ya mbu usikichemshe, dawa itatoka. Kifue kwa maji ya kawaida na ukianike kivulini. Mto wa sufi wa zamani uliokwisha kuwa unga, mimi nasema utupwe. Najua ni mto aliotoa bibi siku ya harusi. Utupwe. Weka nguo safi iliyokunjwa chini ya kichwa, ambayo utaifua kila wiki.

Cha pili ni kuvu. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, kuta zetu hutoa madoa meusi na kijani, na nguo katika sanduku hunuka. Ile ni kuvu, na mbegu zake huruka hewani. Mtu ambaye pua yake huziba masika tu, atazame ukuta ulio karibu na kichwa chake anapolala. Fungua madirisha mchana, upepo upite. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Sugua madoa kwa maji na sabuni, umejifunga kitambaa puani. Ziba mahali paa linapovuja, maana ukisugua ukuta na paa bado linavuja, kuvu itarudi kabla ya Idi.

Kuku nao. Nasema kwa heshima, kwa sababu kuku ni mali. Lakini kuku wakilala chini ya kitanda, manyoya na vumbi lao ni lako usiku kucha. Wajengee banda. Paka vilevile. Mende pia huleta mzio, hivyo funika vyakula na ufagie makombo kabla ya kulala.

Kisha kazi zetu. Akina mama wanaofukua makumbi ufukoni na kuyapiga ili wapate usumba wa kusokota kamba, wanajua vumbi lile. Mkoa wetu wa Tanga umelijua vumbi la nyuzi zamani. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, nayo mashamba yakaenea mkoa mzima. Wataalamu waliochunguza viwanda vya mkonge nchini Tanzania walikuta kikohozi na taabu ya pumzi kwa wafanyakazi wanaopiga singa brashi, mahali penye vumbi jingi. Makumbi si mkonge, lakini pua haichagui jina la vumbi. Piga makumbi nje, si uani palipozibwa. Yapige yakiwa bado na unyevu. Wavuvi wanajua joshini na demani: basi kaa joshini, vumbi liende demani. Funga barakoa, kama zile tulizozizoea wakati wa korona mwaka 2020, au kitambaa safi chenye unyevu kidogo. Ukimaliza, oga na ubadili nguo kabla ya kupanda kitandani.

Moshi ni jambo jingine kidogo. Moshi wa kuni, wa koroboi, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuchoma, na wa udi pia, kwa kawaida si mzio wenyewe. Lakini hukwaruza pua iliyokwisha vimba, na chafya huzidi. Mwenye pua mbaya asikae jikoni pasipo na dirisha. Udi harusini ni heshima, sikatazi. Lakini kumfukizia mtoto mchanga chumba mpaka haonekani, hilo nalikataa mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mkunga mkubwa.

Maua ya miti na majani pia huleta mzio kwa baadhi ya watu. Hapa huwezi kufanya mengi. Shamba lazima liende. Ukirudi, nawa uso na pua.

Nimetaja kunawa pua. Hii ndiyo dawa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni rahisi na haina madhara ikifanywa sawasawa. Chemsha maji mpaka yatokote. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Pima kikombe kimoja cha robo lita, utie nusu kijiko kidogo cha chumvi safi, ukoroge. Nawa mikono. Inama juu ya beseni, chota kiganjani, vuta taratibu kwa tundu moja la pua, kisha yaache yatoke. Fanya na tundu la pili. Penga taratibu, tundu moja moja. Ukipenga kwa nguvu matundu yote mawili, uchafu hukimbilia masikioni. Asubuhi na jioni inatosha. Maji yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mengine.

Wanaotia udhu watasema, "Sisi tunapandisha maji puani kila siku." Ni kweli, na mkono wao umezoea, watajifunza upesi kuliko wengine. Lakini maji haya lazima yawe yamechemshwa na yawe na chumvi ya kipimo. Maji ya bahari usitumie. Chumvi yake ni nyingi mno, na ufukoni kwetu kila mtu anajua kinachotupwa.

Mtoto mchanga mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya vizuri, kwa sababu hupumua kwa pua. Mtilie tone moja au mawili ya maji hayo ya chumvi katika kila tundu kabla ya kunyonya, kisha futa kwa kitambaa laini. Usimtie puani mafuta ya nazi, mafuta ya taa, kitunguu, wala mafuta ya kuchua. Mafuta yakishuka mapafuni huleta ugonjwa mkubwa. Na usimwinamishe mtoto juu ya sufuria ya maji ya moto. Watoto huungua kwa namna hiyo.

Sasa vidonge. Vipo vidonge vya mzio, na vinasaidia. Vile vidogo vya klofeniramini, ambavyo wengi huviita Piriton, hupunguza chafya na muwasho. Lakini huleta usingizi. Mjini mtu akisinzia, husinzia juu ya meza. Kwetu mtu husinzia juu ya mnazi. Mkwezi asimeze kidonge hiki kabla ya kupanda. Mvuvi asimeze jioni halafu asukume ngalawa kwenda kuvua usiku. Dereva wa bodaboda vilevile. Wala kisichanganywe na pombe. Vipo vidonge vingine, kama setirizini, ambavyo usingizi wake ni mdogo, ingawa kwa watu wengine bado upo. Mwambie mganga kazi unayofanya, kabla hajakuandikia. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasipewe dawa kwa kubahatisha dukani.

Yapo pia matone ya kufungua pua. Hufungua upesi, na watu huyapenda mno. Hapa ndipo penye mtego. Ukiyatumia zaidi ya siku tano, pua huyazoea. Ukiacha, huziba kuliko mwanzo. Basi unatia tena, na tena, mpaka unakuwa mtumwa wa chupa. Siku tatu zatosha. Kwa mwenye taabu ya kila siku ipo dawa ya kupuliza puani ya aina ya steroidi. Hiyo haifanyi kazi kwa saa moja. Hutumiwa kila siku, na nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa au wiki mbili. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Kama umeandikiwa, vumilia.

Yapo mambo ambayo si ya kungoja daftari. Mtoto anayepumua mbio, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, aletwe zahanati saa hiyo hiyo. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mtoto chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza 5, 40 au zaidi. Mtu mzima anayekoroma kifuani na kushindwa kusema sentensi nzima, naye asingoje. Mtu aliyevimba midomo au uso ghafla baada ya kula kitu, kumeza dawa au kuumwa na nyuki, akimbizwe.

Kamasi inayonuka, inayotoka tundu moja tu la pua ya mtoto, mara nyingi ni kitu alichokiingiza mwenyewe: kunde, punje ya hindi, kipande cha sponji. Usichokoe kwa kijiti, utakisukuma ndani. Maumivu ya shavu au paji la uso pamoja na homa na kamasi nzito yanataka kutazamwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kupimwa makohozi, maana kifua kikuu hakitibiwi kwa kuanika godoro. Na homa, hata kama kuna mafua, ipimwe malaria kwa damu. Mambo yakituzidi sisi, tutakupeleka Bombo, Tanga.

Nina neno moja kwa walimu na kamati za shule, nalo najua halitapendwa na wote. Asubuhi watoto wetu hufagia madarasa kwa fagio kavu. Vumbi hujaa chumba kizima. Kisha wanaketi ndani yake kujifunza, na mwenye mzio hulia machozi mpaka saa ya mapumziko. Mtoto huyo akiomba asifagie, huambiwa anakwepa kazi. Mimi sisemi asifanye kazi. Apewe kumwagilia miti au kuchota maji. Na sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Ndoo moja inatosha madarasa mawili. Vivyo hivyo chumba chetu cha kisomo cha jioni: ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji, si kwa kile kikavu kinachotutia chaki puani sote.

Wazazi, hili mnaweza kulisema katika mkutano ujao wa shule. Na wewe uliyeandika daftari lako wiki mbili au tatu, ulete zahanati. Usiogope mwandiko. Ukija asubuhi mapema, kabla foleni ya kliniki ya watoto haijawa ndefu, tutakaa chini tulisome pamoja.